Mkurugenzi keshatundika bango la IB, mimi ndo naambiwa niwe koodineta

Shangazi shikamoo,

Mi ni mwalimu wa kemia na ndo mwalimu wa taaluma kwenye shule moja ya binafsi hapa Dodoma, jina niliache tu maana mji huu ukikohoa Ipagala unapewa pole ukifika Nkuhungu. Tuna kidato cha kwanza mpaka cha sita, bweni na kutwa, na matokeo yetu sio ya kuficha, advansi tuna PCB, CBG na HGL na kila mwaka divisheni wani zinatosha kujaza kipeperushi.

Sasa Mkurugenzi wetu, namaanisha mwenye shule, alienda Dar kwenye mambo yake akapata mwenyeji akamtembeza shule moja ya kimataifa inayofundisha ile programu ya diploma ya IB (International Baccalaureate), ya miaka miwili, inayokaa pale pale penye fomu faivu na siksi. Shangazi alirudi mtu mwingine. Kikao cha walimu kilichokuwa cha kujadili moko kikageuka IB tu, watoto wanabishana na mwalimu kwa hoja, wanaandika utafiti wao wenyewe, wakimaliza wanaenda vyuo vya Marekani, Uholanzi, sijui wapi. Hoja yake ni kwamba serikali yote imehamia huku, wakubwa wako Mtumba, treni ya umeme inafika, uwanja mpya wa ndege Msalato, mabalozi watakuja na watoto wao, asa watasoma wapi? Anasema atakayewahi ndo atakayekula. Mi hoja siikatai, na nikwambie ukweli hata mimi ile programu nimeipenda, nimekaa usiku nasoma habari zake nikasema hivi ndo nilivyotaka kufundisha kemia tangu natoka chuo.

Ila kasi yake ndo inanitisha. Anataka julai mwakani tuanze, watoto 25, na kidato cha tano cha kawaida tukifute kidogo kidogo kwa sababu anasema hakilipi. Bango lishatundikwa barabarani, limeandikwa kabisa kwamba sisi ni shule ya IB. Fomu zinauzwa na kuna hela inaitwa ya kushika nafasi, laki tano, na wazazi wanalipa Shangazi, wanalipa! Nikiuliza kibali naambiwa kinashughulikiwa. Nikiuliza walimu naambiwa watafundishwa. Mwalimu wetu wa fizikia anafundisha shule tatu, hapa kwetu anakuja jumatatu na alhamisi, huyo naye watamfundisha saa ngapi? Mwongozo wenyewe Mkurugenzi aliuprinti mtandaoni, akanikabidhi mbele ya wenzangu akasema madam soma huo, kuanzia leo wewe ndo koodineta, na nyongeza ya mshahara akaitaja palepale. Ni nyongeza nzuri. Mume wangu kashaitumia yote kichwani, kuna kiwanja Ihumwa anakitolea macho, kila nikisema nina wasiwasi ananiambia wewe kazi yako kufundisha, mambo ya vibali muachie mwenye shule.

Halafu kuna mwanangu wa kwanza. Yuko kidato cha nne, anafanya mtihani novemba hii, anataka udaktari, ndoto yake Muhimbili. Mkurugenzi ameniahidi atamchukua kwenye darasa la kwanza la IB kwa nusu ada. Mtoto kachanganyikiwa kwa furaha. Baba yake kafurahi. Mi ndo naonekana mchawi wa nyumba.

Wazazi wengine sa hivi wananipigia mpaka saa nne usiku, madam hicho cheti UDOM wanakikubali? Madam bodi ya mikopo je? Najibu tutawajulisha, tutawajulisha, mpaka najionea aibu. Nikikataa ukoodineta nitaonekana nimekataa maendeleo na kuna kijana wa hesabu anausubiri kwa hamu. Nikikubali, lile bango litakuwa langu. Nifanyeje Shangazi yangu?

Madam Taaluma, Dodoma


SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma nikairudia pale kwenye laki tano, na nitaanzia hapohapo kwa sababu hiyo hela ndo itakayowapeleka polisi kabla ya mambo ya mtaala hayajafika mbali.

IB ni shirika, lilianzishwa Geneva mwaka 1968, na mwanzoni lilikuwa hasa kwa watoto wa wanadiplomasia na wafanyakazi wa mashirika ya kimataifa ambao wazazi wao wanahamishwa leo huku kesho kule na kila nchi wanakuta mtihani mwingine. Kwa hiyo Mkurugenzi akisema mabalozi, historia kaisoma vizuri. (Ingawa mabalozi wengi bado wako zao Dar na upepo wa bahari, viwanja tu ndo wamepewa huku, asije akajenga bajeti juu ya watoto ambao hawajapanda treni.) Ila sheria yao moja haichezewi, shule haifundishi programu yao wala haijiiti shule ya IB mpaka iwe imeidhinishwa na wao wenyewe. Na kuidhinishwa sio kujaza fomu. Kwanza shule inaomba iwe kandideti, yaani mwombaji anayeandaliwa. Ikikubaliwa inapewa mshauri, anakuja, anaangalia, anawaambia rekebisheni hiki na kile, walimu na mkuu wa shule wanapelekwa kwenye semina zinazotambuliwa na IB, ndo baadae mnaomba idhini yenyewe, inakuja timu kukagua, halafu mnasubiri jibu, na jibu linaweza kuwa bado. Shule nyingi kwa hii diploma zinatumia mwaka na nusu, miwili, na kuzidi. Hata ambayo tayari ni kandideti inatakiwa iwaambie wazazi waziwazi kwamba ukandideti sio dhamana ya kuidhinishwa. Sasa nyie hata ukandideti hamna. Lile bango lenu ni uongo uliotundikwa barabarani kwa nondo na simenti, na kila laki tano inayoingia ina risiti yenye jina la shule, na kesho kutwa mzazi akija juu hamtafuti Mkurugenzi, anamtafuta yule madam aliyekuwa anampokelea simu saa nne usiku.

Hapo bado hatujaenda Wizara. Mtaala wa nje haufundishwi nchini hivi hivi, lazima kibali kitoke Wizara ya Elimu, na shule yenu imesajiliwa kufundisha mtaala wa Tanzania, sio mwingine. Enzi zetu mtu wa Dodoma alikuwa na sababu, Wizara ipo Dar, nauli, kulala gesti, faili halionekani njoo jumatatu. Leo Wizara iko Mtumba, daladala tu inakufikisha. Mkurugenzi akikwambia kinashughulikiwa muulize kwa heshima, barua imepelekwa tarehe ngapi na imegongwa muhuri wa nani, nione nakala niweke kwenye faili la taaluma. Akikosa nakala umeshapata jibu lako.

Sasa programu yenyewe. Umesema umeipenda na mimi nakuelewa, nilifundisha historia miaka mingi kabla ya kustaafu na ningepewa nafasi hiyo ningeirukia. Mtoto anachukua masomo sita, matatu ngazi ya juu na matatu ngazi ya kawaida, na hawezi kukimbia upande mmoja, lazima awe na lugha na fasihi anayoimudu vizuri, lugha ya pili, somo la jamii mfano historia au jiografia au uchumi, sayansi, hisabati, na la sita ni sanaa au anachukua jingine kwenye yale makundi mengine. Kwetu mtoto akishaingia PCB anaagana na fasihi mpaka kufa kwake. Huku huyohuyo wa kemia na baiolojia anaweza akasoma fasihi ya Kiswahili kama lugha yake ya kwanza, Kiswahili kipo kwenye orodha yao, sio lazima muwe shule ya wazungu kwenye hilo, na ningekuwa wewe hiyo ndo ningeitangaza kabla ya Marekani.

Juu ya masomo sita kuna vitu vitatu na hivi ndo moyo wa programu. Kuna nadharia ya maarifa, masaa 100, mtoto anaulizwa unajuaje kwamba unajua. Mzee wa Chamwino anaangalia mawingu na miti anasema mwaka huu mvua haba, mamlaka ya hali ya hewa nao wanatoa utabiri wao kwa mitambo, utamwamini nani, kwa ushahidi gani, na huyu mzee amekosea mara ngapi na wale wamekosea mara ngapi? Darasa la namna hiyo halina pasti pepa. Kuna insha ndefu ya utafiti, mwisho maneno 4,000, mtoto anachagua swali lake mwenyewe. Na Dodoma maswali ya kemia yamejaa, maji ya visima yetu yanavyoacha ukoko mweupe kwenye sufuria wewe mwenyewe unaujua, mtoto akachukua maji ya visima vitatu vya mtaani kwao akapima ugumu wake akaeleza tofauti, hiyo ni insha tosha. Halafu kuna sehemu ya ubunifu, mazoezi ya mwili na huduma kwa jamii, inakwenda miezi 18, haina maksi ila asipoikamilisha diploma hapewi.

Maksi kila somo ni 1 mpaka 7, sita mara saba ni 42, insha na nadharia ya maarifa vinaongeza mpaka pointi 3, jumla 45. Ili apewe diploma anahitaji walau 24 na kuna masharti mengine juu yake, mfano akipata 1 kwenye somo lolote imekula kwake, na insha akiivuruga kabisa vilevile. Wastani wa dunia unazunguka kwenye 30. Mwambie Mkurugenzi hapa hakuna divisheni wani ya kambi. Yale mambo ya kuwafungia watoto kambi wiki sita kabla ya mtihani, solvingi usiku kucha, mwalimu wa kukodi kutoka mjini anakuja kuotea maswali, huku hayapeleki mtu mbali, kwa sababu sehemu ya maksi inatokana na kazi anazofanya mtoto shuleni ndani ya miaka miwili, wewe mwalimu unasahihisha, halafu IB wanachukua sampuli kukagua kama ulisahihisha kwa haki au uliwapaka rangi. Ukiwapaka rangi wanazishusha.

Na hapo ndo nafika kwa mwalimu wako wa fizikia wa jumatatu na alhamisi. Chukua kalamu. Somo la ngazi ya juu linapendekezewa masaa 240 ya darasani, la kawaida 150. Matatu matatu, weka na yale 100 ya nadharia ya maarifa, unapata masaa 1,270 kwa mtoto mmoja na hapo insha ndefu haimo. Insha kila mtoto anakuwa na msimamizi wake, na msimamizi anatumia kama masaa matatu mpaka matano kwa mtoto. Watoto 25 ni masaa 75 mpaka 125 ya walimu kukaa na mtoto mmoja mmoja, kusoma rasimu, kuuliza hili umelitoa wapi, na jumla ni kama maneno laki moja ya kusoma. Nani atasoma? Huyu ambaye saa nane anakimbilia bodaboda awahi kipindi shule nyingine? Mkurugenzi amenunua jina, ila kinachofundisha sio jina, ni masaa ya mwalimu aliyetulia sehemu moja, analipwa sehemu moja, ana muda wa kukaa na mtoto kwenye benchi. Kama hataki kuajiri walimu wa kudumu na kuwalipa wasihangaike na pati taimu, basi IB hataki, anataka bango.

Kuhusu gharama nitapita haraka kwa sababu hiyo ni hesabu yake. Ada ya mwaka ambayo shule inalipa kwa IB inazidi dola elfu 10, kipindi cha ukandideti nacho kina ada yake, semina za walimu zinalipiwa, mtihani kila somo unalipiwa, na vyote ni kwa dola wakati wazazi wenu wanalipa kwa shilingi kwa awamu nne na ya nne inasumbua. Ongeza kalkuleta za grafu kwa kila mtoto wa hisabati, maabara, maktaba, intaneti isiyokatika umeme ukikatika. Ada itapanda mpaka wafanyakazi wa Mtumba unaowategemea wengi wao waishie getini.

Haya, wazazi wanaokupigia. Wape majibu ya kweli, yapo. Vyuo vyetu havikatai IB, ila cheti cha nje lazima kipite NECTA (baraza la mitihani) kikalinganishwe ndo mtoto aombe chuo kwa utaratibu wa TCU (tume ya vyuo vikuu), kwa hiyo asitegemee kwamba matokeo yakitoka tu kesho anaomba UDOM na wenzake wa kidato cha sita, aanze kufuatilia ulinganifu mapema. Bodi ya mikopo wanatoa mwongozo kila mwaka wa maombi, na hapa shule ndo inapaswa kuwaandikia barua rasmi kuuliza kuhusu wahitimu wa IB na jibu libandikwe ofisini kila mtu asome, sio wazazi 25 kila mmoja aende kivyake. Na Marekani ni kweli, vyuo vingi vya huko vinaipenda diploma hii na aliyefaulu vizuri masomo ya ngazi ya juu anaweza kusamehewa baadhi ya kozi za mwanzo. Ila kukubaliwa ni kitu kimoja na kulipiwa ni kingine, bila skolashipu mtoto wa mtumishi wa Tanzania atabaki na barua nzuri ya kukubaliwa kwenye fremu ukutani. Hilo kwenye bango halijaandikwa.

Ndo maana kukifuta kidato cha tano ningelipinga hata kama vibali vyote vingekuwepo. Mzazi anayetaka mwanae aende Muhimbili, UDOM au chuo cha Mipango hapo, kidato cha sita kinamfikisha vizuri tu na kwa ada anayoiweza. Shule inaweza kuwa na vyote viwili, zipo zinazofanya hivyo duniani, darasa dogo la IB pembeni, watoto kumi na mbili, kumi na tano, na advansi inaendelea kulisha shule. Kalenda pia inawabeba, IB wana mitihani mei na novemba, mkishika ya mei mnaanza julai au agosti pamoja na fomu faivu. Na ile miezi ya januari mpaka juni ambayo watoto wa fomu foo wanakaa nyumbani au wanapigishwa pri-fomu faivu, ndo muda wa kuwafundisha kuandika, kutafuta chanzo, kunukuu bila kuiba. Watoto wetu tangu fomu wani wamekremu notisi za ubaoni, ukimpa swali la wazi bila maandalizi analia, namjua.

Sasa mwanao, na hapa nisikilize vizuri kuliko kote. Anataka udaktari Muhimbili. Muhimbili kwa udaktari wanataka fizikia, kemia na baiolojia, zote tatu. Kwenye IB mpangilio wa kawaida unaruhusu sayansi moja kwenye kundi lake na ya pili ukiiweka mahali pa sanaa, basi. Ya tatu ni mpaka shule iombe ruhusa maalum na kuonesha ushahidi kwamba chuo anachokwenda kinaidai. Inawezekana, lakini anayetakiwa kujua hayo, kuandika, kufuatilia na kupanga ratiba ni koodineta mzoefu, kwenye shule yenye walimu watatu wa sayansi waliokaa. Darasa la kwanza, koodineta anajifunza, fizikia jumatatu na alhamisi. Nusu ada isikudanganye. Mtoto wa miaka kumi na saba akipoteza miaka hiyo miwili hakuna atakayemrudishia, wala Mkurugenzi hatakuwa na cha kumrudishia zaidi ya ile nusu uliyolipa. Angekuwa anataka uchumi au sheria ningesema tusubiri tuone. Kwa udaktari hapana.

Turudi kwako. Usikatae ukoodineta, na usikubali kwa mdomo. Mwandikie Mkurugenzi, barua fupi ya adabu, ukurasa mmoja, umpe heshima yake kwamba wazo ni zuri na wewe uko tayari kuibeba kazi hii, ila ili uibebe unaomba bango lishushwe au libadilishwe leo liseme shule inajiandaa kuomba, hela za kushika nafasi zirudishwe au mzazi asaini karatasi kwamba anajua shule haijaidhinishwa na atarudishiwa akitaka, barua ya Wizara na maombi ya ukandideti yaende kwanza, walimu wa kudumu wa masomo yatakayoanza wapatikane kabla ya kutangaza tarehe, na kidato cha tano kisiguswe. Anasema julai mwakani, wewe mwambie julai mwakani tukijitahidi tutakuwa kandideti, sio zaidi. Mtu mwenye shule Dodoma hakosi shamba la zabibu Hombolo au Mpunguzi, muulize kama aliwahi kupokea hela ya mvinyo mwaka aliopanda miche. Atakuelewa.

Nakala moja ya barua ibaki kwako, nyumbani, sio kwenye droo ya ofisi.

Na muombe jambo moja zaidi ambalo halimgharimu sana. Wewe, yeye na mwalimu wa hisabati (ndio, huyo anayeusubiri uchifu, mchukueni, mkimwacha nyuma atawachimba) mfunge safari mkatembelee shule inayofundisha IB kweli, ile ya kimataifa ya UWC iko Moshi na Arusha, barabara ya Kondoa na Babati lami tupu siku hizi, mtafika siku hiyohiyo. Msiombe kuoneshwa maabara. Ombeni kukaa chumba cha walimu. Muulizeni koodineta wao anasimamia insha ngapi, analala saa ngapi mwezi wa insha, walianza na watoto wangapi, nini kingewashinda. Huyo Mkurugenzi wako anaamini anachokiona kwa macho, ndo hulka ya wafanyabiashara na sio mbaya, basi aone na upande wa pili.

Akikubali hata nusu ya masharti, ingia, fanya kazi, na nyongeza yako idai kwa mkataba wenye majukumu na punguzo la vipindi, maana koodineta mwenye mzigo kamili wa kemia ni jina tu. Akikataa yote, basi mshukuru kwa kukuamini na ubaki na taaluma yako na kemia yako, kijana wa hesabu achukue. Usijiuzulu kwa hasira, mwalimu wa kemia mwenye matokeo Dodoma hii hakosi pa kwenda lakini tafuta kwanza ndo uage. Pokea simu za wazazi na uwaambie shule haijaidhinishwa. Sio uchochezi, ni kweli, na wala hujamtukana mtu.

Baba watoto mwonee huruma, kiwanja kinapanda bei kila mwezi na presha yake ni ya kweli. Mwoneshe hesabu ya laki tano mara 25 ukamuulize, wazazi wakidai, hiyo hela Mkurugenzi anayo bado au kashainunulia madawati?

Mwanao afanye mtihani wake wa novemba kwa amani, na kwenye selform, ile fomu ya kuchagua tahasusi, ajaze PCB.